Uchague saizi ya paterni kwa kipimo kipi? Njia nne zikilinganishwa

Umeshapima mwili, umefungua jedwali la saizi nyuma ya bahasha ya paterni (michoro ya karatasi ya kukatia nguo), na vipimo vyako havitaki kukaa kwenye safu moja. Kifua kimeangukia 18, kiuno 16, hipsi 18 tena, na ukijitazama mabega unajua kabisa kwamba blauzi ya 18 itakupwaya. Wengi wakifika hapa huchukua saizi kubwa kuliko zote, kwa imani kwamba kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Ubavuni ni kweli. Lakini shingo iliyoachama na bega lililoteremka hadi mkononi havirekebishwi kwa kuingiza mshono wa ubavu, na hapo ndipo mtu huonekana amevaa nguo ya kuazima.

Kwa hiyo swali la "mimi ni saizi gani?" tuliweke kando. Swali lenye faida ni hili: kipimo kipi cha mwili wako kiongoze uchaguzi, na vipi virekebishwe baadaye? Zipo njia nne zinazotumika sana. Zote zina mantiki, ila kila moja ina mwili na nguo inayoifaa.

Namba ya dukani haihusiki

Namba ya paterni haina uhusiano na namba iliyo kwenye lebo ya gauni ulilonunua. Kampuni za Simplicity, McCall's, Butterick na Vogue kwa miaka mingi zimetumia jedwali moja kwa nguo za wanawake, na sehemu yake ya kati iko hivi, kwa sentimita:

| Saizi | Kifua | Kiuno | Hipsi |
|---|---|---|---|
| 12 | 87 | 67 | 92 |
| 14 | 92 | 71 | 97 |
| 16 | 97 | 76 | 102 |
| 18 | 102 | 81 | 107 |
| 20 | 107 | 87 | 112 |

Si ajabu mtu anayevaa 10 ya dukani kujikuta kwenye 14 au 16 hapa. Mwili wake ni uleule, majedwali ndiyo mawili. Hata jedwali la paterni lenyewe limehama: mwanzoni mwa miaka ya 1950 saizi 12 ilikuwa ya kifua cha inchi 30, ikawa inchi 32, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ni inchi 34. Ukipata paterni ya zamani, soma inchi za kifua, namba iache.

Kupima vizuri kwanza

Njia yoyote utakayoichagua itaharibika kama vipimo ni vya kubahatisha. Vaa sidiria utakayovaa na nguo hiyo, kwa sababu sidiria tofauti hubadilisha kifua kwa sentimita kadhaa. Pumua kawaida. Tepu iguse mwili bila kuubana, na izunguke ikiwa sawa na sakafu. Mgongoni ndiko inakoshuka bila wewe kuona, kwa hiyo mwombe mtu akusaidie au simama mbele ya kioo.

Vipimo vinne vinatosha kuanzia. Kifua cha juu hupita chini ya kwapa na juu ya matiti. Kifua kizima hupita kwenye ncha za matiti. Kiuno ukikipata kwa shida, funga uzi au mpira mwembamba tumboni kisha uiname kando: utatulia wenyewe mahali pake. Hipsi hupimwa mahali penye unene mkubwa kuliko pote, ambapo mara nyingi ni sentimita 18 hadi 23 chini ya kiuno. Kama tumbo lako limetokeza kuliko makalio, tepu ilizungushe hilo tumbo pia, maana sketi itapita hapo hapo.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia nitaitazama kwa mambo manne: inahitaji nini, nguo itakaaje juu (shingo, bega na kwapa), itakuachia kazi gani baada ya kuchagua, na inamfaa nani. Ili tusiongee hewani, tumchukue mtu mmoja na tumpitishe kote: kifua cha juu sentimita 92, kifua kizima 102, kiuno 76, hipsi 107.

### 1. Kuchagua kwa kifua kizima

Inahitaji nini. Tepu na jedwali, basi. Mtu wetu ana kifua cha 102, anachukua 18.

Itakaaje juu. Hapa ndipo penye mtego. Paterni nyingi huchorwa kwa mwili ambao kifua kizima kinazidi kifua cha juu kwa sentimita 5 hivi, yaani kikombe B cha sidiria. Kama tofauti yako iko karibu na hiyo, mabega yatakaa vizuri bila wewe kufanya lolote. Mtu wetu ana tofauti ya 10. Saizi 18 itampa nafasi ya matiti, lakini itampa pia shingo pana, bega refu na kwapa lililoshuka, kwa sababu mchoraji alidhani fremu yote ya mwili imekua, siyo matiti peke yake.

Kazi itakayobaki. Kwa mwenye tofauti ndogo, karibu hakuna. Kwa mwenye tofauti kubwa kazi inakuwa mbaya, kwani inabidi upunguze shingo, bega na kwapa kwa pamoja, na ukigusa kwapa umegusa na mkono wa nguo.

Inamfaa nani. Anayeanza kushona ambaye tofauti yake ya vifua viwili haizidi sentimita 5. Inafaa pia kwa gauni pana lisilo na mshono wa bega unaohitaji kukaa mahali maalumu, mfano kaftani. Njia hii hudharauliwa kupita kiasi na washonaji wazoefu, na sioni sababu: kwa miili mingi inatoa jibu sahihi kwa dakika moja.

### 2. Kuchagua kwa kifua cha juu, kisha kuongeza kifua

Inahitaji nini. Vipimo viwili vya kifua, karatasi ya kunakilia, rula, na uvumilivu wa jioni moja.

Kanuni ya kawaida ni kwamba kifua kizima kikizidi cha juu kwa zaidi ya sentimita 5, unachukua kile cha juu na kukitafutia safu ya kifua kwenye jedwali. Mtu wetu ana 92, kwa hiyo anaanza na 14. Wapo wanaofanya kwa namna nyingine: wanachukua kifua cha juu, wanaongeza zile sentimita 5 ambazo mchoraji alishazihesabu, na kutafuta 97, yaani saizi 16. Wote wana hoja. Tofauti yao huamuliwa na mifupa: mwenye mabega membamba atafurahia 14, mwenye mabega mapana atabanwa nayo. Usikisie. Pima mshono wa bega kwenye karatasi, toa nafasi ya mshono (ukingo unaobaki nje ya mstari wa kushona), na ulinganishe na bega lako kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye kifupa cha mwisho.

Itakaaje juu. Vizuri kuliko njia zote nne, kwa mwenye kifua kikubwa. Shingo inalala, bega linaishia linapotakiwa kuishia, na ukiinua mkono, nguo yote haivutwi juu.

Kazi itakayobaki. Ni kuongeza kifua. Saizi 14 imechorwa kwa kifua cha 92, mtu wetu ana 102, zinapungua sentimita 10. Kipande cha mbele cha karatasi ni cha upande mmoja tu, kulia au kushoto, hivyo kila upande unapata 5. Unakata karatasi kutoka chini kupanda hadi ncha ya titi, kisha unapinda kuelekea katikati ya mkato wa kwapa, na unakata tena kutoka ubavuni kufuata katikati ya dati (pindo lenye ncha linaloshonwa ili kitambaa kifuate umbo la mwili). Unaifungua karatasi hadi mwanya kwenye ncha ya titi ufike sentimita 5, unaziba kwa karatasi mpya, unachora dati upya. Dati itakuwa nene kuliko ya mwanzo, na ndivyo inavyotakiwa.

Jambo ambalo maelekezo mengi hulipita haraka: upana huo unashuka pia hadi kiunoni. Saizi 14 ina kiuno cha 71. Ukiongeza 10 unapata 81, na mtu wetu anahitaji 76. Sentimita 5 zimezidi, zitoe ubavuni au kwenye dati za kiuno kabla hujakata kitambaa. Pia kipande cha mbele kimerefuka katikati, kwa hiyo sawazisha chini ili ubavu wa mbele na wa nyuma ulingane urefu.

Ongezeko la 5 kila upande ni kubwa. Ukiona dati imekuwa pana mno na kitambaa kinachongoka kwenye ncha yake, igawe ziwe dati mbili. Zipo pia paterni zinazokuja na vipande kadhaa vya mbele kwa vikombe tofauti, na hizo zinakuondolea kazi hii yote.

Inamfaa nani. Mwenye kifua kikubwa juu ya fremu ndogo, anayetaka blauzi au gauni lililoshonwa kufuata mwili. Inamfaa pia anayerudia paterni moja mara nyingi: kazi ya karatasi unaifanya mara moja, nguo zinafuata. Mwenye kifua kidogo kuliko kikombe B anatumia hesabu hiyohiyo kinyumenyume, anapunguza badala ya kuongeza.

### 3. Kuchagua kwa vipimo vya nguo iliyokamilika

Jedwali la nyuma ya bahasha linaeleza mwili. Vipimo vya nguo iliyokamilika vinaeleza nguo yenyewe, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo nafasi utakayovaa. Nafasi ya chini kabisa kwa kitambaa kisichovutika ni karibu sentimita 5 kifuani, 2.5 kiunoni na 5 kwenye hipsi; pungufu ya hapo huketi wala hupumui kwa raha. Juu ya hiyo, mbunifu anaongeza nafasi ya mtindo. Kwenye chati ya Vogue, gauni linalobana lina hadi sentimita 7.3 kifuani, la kukaa mwilini lina 7.5 hadi 10, la wastani 10.4 hadi 12.5, la kulegea 13 hadi 20.5, na zaidi ya hapo ni pana sana.

Inahitaji nini. Namba hizo zenyewe. Mara nyingi huchapishwa kwenye bahasha au juu ya karatasi ya paterni, karibu na kifua na hipsi. Zisipokuwepo, pima karatasi: toka mkunjo wa katikati hadi mshono wa ubavu, bila nafasi ya mshono na bila dati. Mbele ikiwa 28 na nyuma 25.5, jumla ni 53.5, mara mbili ni 107. Angalia tu kama paterni yako imejumuisha nafasi ya mshono. Zile kampuni nne nilizozitaja kwa kawaida huweka sentimita 1.5, paterni za jarida la Burda kwa kawaida hazina, unaongeza mwenyewe unapokata.

Namba ya kulinganisha unaweza kuipata kabatini. Chukua gauni unalolipenda, la kitambaa kinachofanana na kile utakachoshona, lilaze mezani, pima kutoka kwapa hadi kwapa na uzidishe kwa mbili.

Itakaaje juu. Njia hii inakwambia nafasi ni kiasi gani, haikwambii iko wapi. Nguo yenye sentimita 9 za ziada kifuani inaweza kuwa imeziweka mgongoni wakati wewe unazihitaji mbele. Mabega yako yanabaki kubahatisha, isipokuwa uyapime pia kwenye karatasi.

Kazi itakayobaki. Inategemea mtindo. Tuseme gauni la kulegea lina kifua cha 106 kwa saizi 14 na 111 kwa saizi 16. Mtu wetu mwenye 102 akivaa 14 atabakiwa na 4, ambayo ni chini ya kiwango cha kupumua. Akivaa 16 atabakiwa na 9: nguo itamkaa mwilini badala ya kulegea kama kwenye picha, lakini itavalika bila kuongeza kifua hata kidogo, na mabega yatakuwa afadhali kuliko ya 18. Kwa watu wengi hayo ni mapatano mazuri.

Inamfaa nani. Anayeshona makoti, mashati mapana, magauni ya kulegea na nguo za nyumbani. Inamfaa sana anayelalamika kila mara kwamba akifuata jedwali nguo inatoka kubwa. Sababu kwa kawaida ni nafasi ya mtindo ambayo hakuiona. Na kwa kitambaa cha kuvutika, kama cha fulana, karibu huna budi kuitumia, maana hapo nguo inaweza kuchorwa ndogo kuliko mwili kwa makusudi. Fulana iliyoandikwa sentimita 95 kwa kifua cha 102 haijakosewa.

### 4. Kuchanganya saizi kwenye paterni moja

Inahitaji nini. Paterni yenye saizi nyingi zilizochorwa pamoja, rula ya mviringo, na penseli. Paterni ya saizi moja itakulazimu uchore mistari mingine mwenyewe.

Itakaaje juu. Itategemea umeanza na saizi gani, kwa sababu njia hii hutibu zaidi kiuno na hipsi. Sheria ninayoishikilia bila kulegeza: shingo, bega, kwapa na mkono vibaki saizi moja. Ukichanganya kwenye mkato wa kwapa, mkono hautaingia vizuri.

Kazi itakayobaki. Ndogo ukiwa makini. Mtu wetu akianza na 16 juu, anabaki kwenye mstari wa 16 kiunoni, kisha anautoa mstari taratibu kwenda 18 kwenye hipsi. Usikate kona, mstari upinde kama mwili unavyopinda. Kuruka saizi moja au mbili hakuna tatizo. Zaidi ya hapo ubavu huanza kutokeza, na ni afadhali sehemu ya ongezeko uigawe kwenye dati au kwenye mshono wa katikati nyuma.

Kinachosahaulika ni vipande vidogo. Ukibadilisha kiuno cha gauni lenye mshono kiunoni, sehemu ya juu na sketi lazima zibadilike sawa. Mkanda, bitana na mifuko ya ubavuni hufuata. Vipitie vyote kabla ya kushika mkasi.

Inamfaa nani. Mwenye juu ndogo na chini kubwa, au kinyume chake, na hao ni wengi mno. Kwa mwenye tatizo la kifua peke yake haisaidii sana: kutanua ubavu wa mbele na nyuma kwa ajili ya matiti huacha mgongo ukipwaya.

Sketi, suruali, watoto, wanaume

Kwa sketi nyembamba na suruali, hipsi ndizo ziongoze, kisha kiuno ukirekebishe kwa dati. Kwa sketi ya duara au ya marinda mengi, chagua kwa kiuno. Hipsi zina nafasi tele. Suruali inadai kipimo kimoja zaidi: keti kwenye kiti kigumu, pima ubavuni kutoka kiunoni hadi juu ya kiti, ulinganishe na karatasi ukiacha sentimita moja au mbili za raha. Hipsi zinaweza kuwa sahihi na suruali bado ikakukata unapoketi.

Kwa watoto, anza na urefu na kifua, umri uupuuze. Burda kwa mfano huita saizi za watoto kwa sentimita za urefu: 116, 122, 128. Shati la mwanamume huchaguliwa kwa kifua na shingo, na tumbo huchanganywa kama hipsi za njia ya nne.

Uamuzi kwa hali yako

Kama vifua vyako viwili vinapishana kwa sentimita 5 au pungufu, na kiuno na hipsi viko kwenye safu moja, chukua njia ya kwanza na uanze kukata.

Kama vinapishana zaidi na unashona nguo ya kukaa mwilini, njia ya pili inastahili jioni yake. Nguo ileile ikiwa ya kulegea, jaribu ya tatu kwanza. Huenda usihitaji kugusa paterni kabisa.

Kama juu na chini haviko safu moja, tumia ya nne, ukianzia na saizi ya juu uliyoipata kwa ya kwanza au ya pili. Kwa gauni la kubana lenye mikono, mtu wetu angeanza na 14 au 16 kwa kifua cha juu, angeongeza kifua, na angefikia 18 kwenye hipsi. Njia mbili kwenye nguo moja, na ni jambo la kawaida kabisa.

Kama uko katikati ya saizi mbili bila sababu nyingine, teremka kwa nguo ya kulegea na panda kwa ya kubana. Kitambaa kigumu kama denimu kinaongeza hoja ya kupanda.

Na kama kitambaa ni cha thamani au ni cha mwisho kilichobaki, shona kwanza sehemu ya juu kwa kitambaa cha bei nafuu chenye uzito unaokaribiana, bila bitana wala zipu. Tumia mishono mirefu ya mashine, ivae ukiwa na sidiria ileile uliyopimia, inua mikono, keti, kisha weka pini panapovuta na panapopwaya. Hamishia alama hizo kwenye karatasi kabla hujafungua mishono.